Mang'onyi na Baiti 226

Kompyuta haisomi herufi. Inasoma namba, na namba zenyewe ni chache: kuanzia 0 hadi 255, kila moja ikikaa ndani ya kijisehemu kinachoitwa baiti. Herufi tunazoziona kwenye kioo huja baadaye, programu inapozichukua namba hizo na kuzitafuta kwenye jedwali. 65 ni A. 97 ni a. 39 ni ile alama ndogo inayokaa ndani ya neno ng'ombe. Aliyeandika na anayesoma wakitumia jedwali moja, hakuna hata anayekumbuka kwamba jedwali lipo. Wakitumia mawili, maandishi yaleyale, bila kupungua wala kuharibika njiani, yanageuka takataka machoni pa msomaji.

Tumezoea kudhani kwamba ujumbe usioeleweka ni ujumbe ulioharibika. Mara nyingi sivyo. Ujumbe umefika mzima. Kilichokosekana ni mapatano ya wawili juu ya namna ya kuusoma. Na jinsi tunavyolitengeneza kosa la aina hii, kwenye mashine au kwingineko, huonyesha tunamhesabu vipi yule tusiyemwelewa.

Kisa ninachokitazama ni cha ofisi moja mjini Singida, yenye vituo Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni. Kila kituo kina vifaa vyake vya mtandao, swichi na ruta. Kuna programu fupi, mafundi huiita skripti, ambayo kila usiku iliingia kwenye vifaa hivyo kimoja baada ya kingine, ikajitambulisha kwa jina na nywila, ikanakili mipangilio ya kifaa na kuihifadhi. Faida yake huonekana siku radi inapounguza swichi: kifaa kipya kinapewa mipangilio ya kile cha zamani, na watu wanaendelea na kazi kabla ya saa nne asubuhi. Skripti ya namna hiyo haina sifa. Hakuna aliyeijua mpaka siku ilipokataa.

Tusiione Singida kuwa pembezoni katika habari hizi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unapita mkoani hapa. Njia kuu ya umeme wa kilovolti 400 itokayo Iringa kwenda Shinyanga kupitia Dodoma inakatiza humuhumu. Kati ya yale majabali na mashamba ya alizeti, barua za nusu ya nchi zinapita zikiwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Mkoa unaopitisha maneno ya wengine una haki ya kuuliza maneno yake yenyewe yanapitaje.

Skripti ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya Python, toleo la pili, ambalo halikuwa na ukali juu ya baiti na herufi. Ukiipa baiti iliichukua kama maandishi, ukiipa maandishi iliyachukua kama baiti, na mambo yakaenda hadi siku yalipogoma. Desemba 2008 lilitoka toleo la tatu, na waandishi wake waliamua kwamba vitu hivi viwili havitachanganywa tena: baiti ni baiti, maandishi ni maandishi, na anayetaka kutoka huku kwenda kule sharti ataje jedwali. Toleo la pili lilifikia mwisho wa kuhudumiwa Januari 1, 2020. Ofisi nyingi zilichelewa kuhama, na zilipohama, skripti za miaka kumi zilianza kufa moja moja. Hii ya Singida ilikufa mlangoni, hata kabla ya kutoa nywila.

Sababu ya kwanza ilikuwa baiti 255.

Vifaa vingi vya zamani bado huingiwa kwa Telnet, itifaki ambayo maelezo yake rasmi yalitolewa Mei 1983. Si njia salama, kwa sababu nywila inapita wazi na yeyote aliye njiani anaweza kuisoma. Ndiyo maana mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Finland alitengeneza SSH, inayofunga mazungumzo yote kwa siri. Lakini swichi iliyonunuliwa zamani haibadiliki kwa sababu dunia imebadilika, na bajeti ya wilaya ina mambo mengine. Kwa hiyo Telnet ipo. Nayo ina adabu yake: kabla ya kuuliza jina, kifaa kinapiga hodi. Kinatuma 255, maana yake "sikiliza, hili si neno bali ni amri", kisha 253 au 251, yaani "fanya hivi" au "mimi nitafanya hivi", kisha namba ya jambo lenyewe: nani arudishe herufi kwenye kioo, kioo kina upana gani, ni kioo cha aina gani. Upande wa pili unajibu kwa mtindo uleule. Wakishapatana ndipo yanapokuja maneno ya kuomba jina.

Skripti haikujua hodi. Ilipokea 255 ikaikimbilia jedwalini kama herufi. Hata katika UTF-8, ambalo ndilo jedwali la kawaida la dunia ya leo, 255 haimo kabisa. Hakuna herufi ya lugha yoyote inayoandikwa humo kwa baiti hiyo. Skripti ikasema haiwezi, ikasimama.

Sababu ya pili ilijitokeza mafundi walipokwisha kuivuka ya kwanza. Vifaa vya Iramba viliingilika, vya Manyoni viliingilika, kisha skripti ikaanguka kwenye kifaa cha Ikungi. Safari hii ililalamikia baiti 226. Waliifuata baiti hiyo mpaka wakaikuta katikati ya jina la mahali. Ikungi kuna Mang'onyi, kata inayojulikana siku hizi kwa mgodi wa dhahabu. Kwenye mipangilio ya swichi, fundi fulani alikuwa ameandika maelezo ya waya mmoja: njia ya kwenda Mang’onyi. Tazama vizuri alama iliyo katikati. Si ile 39 iliyonyooka ya kwenye kibodi. Imepinda kidogo, na kwa jedwali la Unicode, lile linalozipa namba herufi za lugha za dunia, ni namba 8217, ambayo haienei katika baiti moja. UTF-8 huiandika kwa baiti tatu: 226, 128, 153. Skripti ilikuwa imeambiwa isome kwa ASCII, jedwali la zamani lenye nafasi 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Ilipokutana na 226 ilikuwa imetoka nje ya dunia yake.

Hapo ndipo watu huonyesha tabia zao.

Dawa ya kwanza inayopendekezwa, na ndiyo inayopendwa kuliko zote, ni kuiambia programu ipuuze kila isichokielewa. Python ina neno lake kwa ajili hiyo, ignore, na linaandikwa kwa sekunde mbili. Kosa linatoweka, skripti inafika mwisho, kila kituo kinaonyesha kijani. Kumbe kilichofanyika ni hiki: baiti tatu za Mang’onyi zimetupwa, na kwenye nakala ya usiku pamebaki Mangonyi. Anayejua Kiswahili anajua kwamba hayo ni matamshi mawili tofauti. Swichi ikiungua na nakala ikirudishwa kwenye swichi mpya, jina jipya ndilo litakalokaa, na fundi atakayetafuta Mang'onyi kwenye mfumo ataambiwa hakuna. Kwa upande wa hodi mambo ni mabaya zaidi. Ukipuuza baiti zote zilizozidi 127, unatupa 255, 253 na 251, lakini ile namba ya tatu ya kila amri, yaani 1 au 3 au 24, ni ndogo, hivyo inabaki. Umefuta nusu ya salamu na kubakiza nusu nyingine ikielea mbele ya maneno ya kuomba jina. Kifaa nacho kinaendelea kusubiri jibu la hodi yake, na vingine vina subira fupi.

Dawa ya pili ina sura ya ukarimu. Badala ya kutupa, unapokea kila kitu. Kuna jedwali liitwalo Latin-1, lililopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1987 kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi, nalo lina sifa moja ya kuvutia: ukilitumia, kila baiti kuanzia 0 hadi 255 inapata mahali. Kwa hiyo haliwezi kushindwa. Ukisomea jedwali hilo, 255 ya Telnet inakuwa herufi y yenye nukta mbili juu, na Mang’onyi, hasa kwa ndugu yake wa Windows, inakuwa Mang’onyi. Hakuna kosa lililotangazwa. Kila kitu kimesomwa, na hakuna kilichoeleweka. Ubaya wake unakua na wakati, kwa sababu skripti ikiyahifadhi maandishi hayo kwa UTF-8, baiti tatu zinakuwa sita. Zikirudishwa kwenye kifaa na kusomwa tena kwa mtindo uleule, sita zinakuwa 12, kisha 24. Nimewahi kuona kwenye hati za kompyuta jina la mtu mmoja likiwa limemezwa na mkia wa alama za ajabu mrefu kuliko jina lenyewe. Hakuna aliyelifuta. Lilipokelewa tu, tena na tena, na watu wasiouliza.

Ninazitaja dawa hizi mbili pamoja kwa kuwa watu hudhani zinapingana. Moja ni ya ukali, nyingine ya upole. Kwa kweli ni ndugu. Zote mbili zinamwondolea msomaji kazi ya kuuliza swali moja: haya yameandikwa wapi, na nani, kwa jedwali gani?

Pale ofisini swali hilo liliulizwa hatimaye, na halikuulizwa na mashine. Kijana aliyekuwa akiishughulikia skripti alishuka chini kwa mama wa masjala, ambaye ndiye aliyetayarisha orodha ya vituo na majina ya njia zao, orodha ambayo mafundi waliinakili kwenye vifaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile orodha ya vituo, uliiandika kwa kutumia nini?"

"Kwa Word. Kwani nimekosea?"

"Hapana, mama, hujakosea. Nilitaka kujua tu."

Jibu la Word lilimaliza utafiti wote. Word, kwa mazoea yake, ukipiga alama ya 39 huibadilisha yenyewe kuwa 8217 iliyopinda, kwa sababu kwa macho ya mchapaji ni nzuri zaidi. Kistari kifupi nacho, kulingana na kilivyopigwa, hukigeuza kirefu chenye namba 8211, na ukikinakili ndani ya amri ya kuingia kwenye kifaa, kifaa hakioni kistari bali kioja. Mama yule alikuwa ameandika Kiswahili sahihi kabisa. Aliandika Mang'onyi kama linavyotamkwa, jambo ambalo vijana wengi wa kompyuta hawajisumbui nalo. Laiti angekuwa mzembe, akaandika Mangonyi, skripti isingeanguka. Mfumo uliokuwa ukimwadhibu ulikuwa unamwadhibu kwa usahihi wake.

Orodha ileile ilifichua makosa mengine mawili ya ukoo huo, yasiyoonekana kabisa kwa macho. Faili la anwani za vifaa lilikuwa limehifadhiwa kwa Notepad ya Windows, ambayo kabla ya toleo la mwaka 2019 la Windows 10 ilikuwa na desturi, ukichagua UTF-8, ya kutia baiti tatu mwanzoni mwa faili: 239, 187, 191. Ni alama ya utambulisho, haichapwi, haichukui nafasi kwenye kioo. Lakini skripti iliisoma kuwa sehemu ya anwani ya kwanza. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha: kifaa cha kwanza kwenye orodha hakikupatikana kamwe, na ukikihamisha mstari wa pili, kilipatikana na kile kilichochukua nafasi yake kikapotea. Watu walibadilisha waya. Faili la nywila nalo lilikuwa na baiti 13 mwishoni mwa kila mstari, kwa kuwa Windows humaliza mstari kwa 13 na 10 wakati Linux humaliza kwa 10 peke yake. Nywila ilikuwa sahihi, ila ilifika mlangoni na mkia wake, na kifaa kikaikataa. Ikikataliwa mara kadhaa, vifaa vingine humfungia mtumiaji nje kwa muda. Yote hayo yalitibika kwa kujua faili limetoka wapi.

Sasa, jedwali lililotawala wakati wote huo, lile la nafasi 128, lilitoka wapi lenyewe? ASCII ilitangazwa na shirika la viwango la Marekani mwaka 1963. Ni mwaka uleule ambao Singida ilifanywa mkoa. Toleo hilo la kwanza halikuwa hata na herufi ndogo. Ziliingia mwaka 1967. Hakuna aliyeketi kwenye kikao kile kutudhuru. Waliandaa jedwali la kuwatosha wao, wakahesabu herufi za Kiingereza, tarakimu, nukta na alama ya dola, wakafunga daftari. Sisi tulikuwa mbali na meza hiyo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hasara za mfumo wa hesabu uliokwenda mrama. Marufuku ilipolegea miaka ya baadaye, mashine ziliingia zikiwa na majedwali yaliyokwisha kufungwa.

Kiswahili kilipenya kwa bahati. Maandishi yake ya Kilatini hayana herufi zenye nukta za ziada wala vikofia. Miaka mingi kabla, kilipoandikwa kwa hati ya Kiarabu, waandishi wa pwani walilazimika kutafuta njia za kuwakilisha sauti ambazo hati ile haikuwa nazo, kama p na ch, na mara nyingi walimwachia msomaji azikisie. Hati ya Kilatini iliposhinda, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kusanifisha tahajia kuanzia mwaka 1930, tulibaki na alama moja tu isiyo herufi: ile ya ng'. Ndiyo mlango pekee ambamo Kiswahili kinaweza kushikwa na ASCII, na ndimo Mang'onyi ilimoshikwa.

Tena ilishikwa mara mbili. Hata ukitumia 39 iliyonyooka, lugha nyingi za programu na hifadhidata hutumia alama hiyohiyo kuonyesha mwanzo na mwisho wa maandishi. Ukiiandikia mashine 'Mang'onyi', inaona maandishi Mang, kisha fujo. Njia za kuandika vizuri zipo tangu zamani, lakini mwandishi mvivu wa fomu huona rahisi kuikataza alama hiyo kabisa. Ndivyo mtu mwenye ng' ndani ya jina lake anavyojikuta na majina mawili, moja la cheti cha ubatizo na jingine la mfumo, na siku akidai mafao anaulizwa yeye ni yupi. Na kuna ya tatu: Unicode imetenga namba 700 kwa alama yenye sura hiyohiyo, itumike pale inapokuwa sehemu ya herufi badala ya kituo. 39, 8217 na 700 zinafanana machoni. Kwa mashine ni Mang'onyi tatu, na anayeitafuta moja hazipati mbili.

Kama Kiswahili chenye alama moja kinapata taabu hiyo, tuwaangalie wenyeji wa mkoa. Kinyaturu kina irabu saba, siyo tano. Wanaisimu wakitaka kuliandika jina lake la ndani kwa usahihi huandika Kɨrɨmi, kwa i iliyokatwa na mstari. Herufi hiyo ni namba 616, na UTF-8 huiandika kwa 201 na 168. Ipitishe kwenye dawa ya kwanza utapata Krmi. Ipitishe kwenye dawa ya pili utapata KÉ¨rÉ¨mi. Ni taabu ileile ya Wakikuyu na Wakamba wa Kenya, ambao nao wana irabu saba na huandika ĩ na ũ. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alikuwa na vyote ndani ya jina moja: ũ, ĩ na ile alama ya ng'. Mtu aliyeutetea uandishi wa lugha za Kiafrika kwa miaka mingi alibeba jina ambalo ASCII haikuweza kuliandika.

Nenda mbele kidogo, hadi Munguli wilayani Mkalama, kwa Wahadzabe. Lugha yao ina sauti za kidoko, ambazo wanaisimu huzipa alama kama ǀ na ǃ. Hizo zina namba zake halali kwenye Unicode, 448 na 451. Lakini zinafanana na alama mbili za kibodi: mstari wa wima na alama ya mshangao, na asiye na fonti wala subira hupiga hizo za kibodi. Hapo mambo hubadilika kabisa mbele ya kifaa cha mtandao. Kwenye vifaa vya kampuni ya Cisco, mstari wa wima ni amri ya kuchuja majibu. Alama ya mshangao mwanzoni mwa mstari huiambia mashine kwamba yanayofuata ni maelezo ya binadamu, yasitekelezwe. Yaani konsonanti ya mtu, iliyo ya zamani kuliko mashine zote hizi, ikiwekwa mwanzoni mwa mstari itasomwa kuwa agizo la kutomsikiliza. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa mtu kunyimwa sauti bila yeyote kuwa na nia mbaya.

Hata hivyo historia hii ina upande wa heshima, na nauona katika UTF-8 yenyewe. Septemba 1992, Ken Thompson, akiwa na Rob Pike kwenye mkahawa wa New Jersey, aliichora kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Sharti lao lilikuwa gumu: herufi zote za dunia ziingie, na maandishi ya zamani ya ASCII yasibadilike hata baiti moja. Walilitimiza kwa utaratibu wa nafasi. Baiti zote za herufi zenye namba kubwa zinakaa juu ya 127, hivyo hakuna kipande cha ɨ kinachoweza kudhaniwa kuwa A. Baiti ya kwanza ya kila herufi inatangaza zinafuata ngapi, hivyo msomaji aliyepotea njiani hupata pa kuanzia tena. Na 254 na 255 ziliachwa tupu.

Kwa hiyo 255 ya Telnet na herufi za dunia zinaweza kupita kwenye waya mmoja bila kugongana. Ukiona 255, ni hodi, pamoja na namba za amri zinazoifuata. Ukiona kingine, ni neno. Mwenye skripti aliyeelewa hivyo ana kazi ndogo: abague hodi kwanza na kuijibu inavyostahili, kisha yaliyobaki ayasome kwa UTF-8, tena ayasome mara moja tu, pale mlangoni, na ayarudishe kuwa baiti pale yanapotoka. Ndani ya programu yabaki maandishi matupu. Baiti itakayokataa jedwali isitupwe. Python tangu toleo la 3.1 inajua kuibeba kama ilivyo na kuitoa upande wa pili bila kuibadilisha, mpaka apatikane anayeijua. Huo ndio utaratibu uliotumika Singida. Kubeba usichokielewa bila kukiharibu ni ustaarabu, na hapa umeandikwa kuwa sheria ya mashine.

Zipo hoja za wanaosema haya ni mambo madogo, kwamba mwalimu wa Mkalama anahitaji intaneti kwanza, alama zitakuja baadaye. Zina uzito, maana mtandao usiofika hauna herufi za kugombania. Lakini zinasahau kwamba jedwali huchaguliwa siku ya kwanza na kulipiwa milele. Hifadhidata iliyofunguliwa kwa Latin-1 mwaka huu itakuwa na mamilioni ya majina miaka kumi ijayo, na hakuna atakayethubutu kuigusa. Gharama ya kuanza vizuri ni ndogo kupita maelezo, na gharama ya kurekebisha hulipwa na mtu aliyesimama dirishani akiambiwa kwamba jina lake halipo.

Basi mnaojenga mifumo ya halmashauri, ya hospitali, ya benki na ya shule, kabla ya kuutangaza mfumo kuwa tayari, andikeni ndani yake Mang'onyi kwa alama zote tatu, kisha Kɨrɨmi, muuhifadhi, muufunge, muufungue, mtafute. Kisichorudi kama kilivyoingia hakijajengwa. Na mkikutana na baiti msiyoijua, mwulizeni aliyeiandika kabla ya kuiandikia amri ya kuipuuza. Kwenye Python, kutaja jedwali ni kuongeza maneno encoding='utf-8'. Ni vibonyezo 16.